Mwindaji Ambaye Hakuwahi Kulala kwa Bibi Hanna

Kikwe, Meru,
Arusha.
9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Aikande,

Shikamoo. Habari za Songea, na mguu wako unaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Migomba imestawi, na Baba anakohoa kidogo asubuhi kwa ubishi wake wa kukataa sweta.

Nimeona nikuandikie kabla Reginald hajakupigia simu, maana huyu mtoto wa marehemu baba mdogo amerudi kutoka Dar es Salaam akiwa amejifunza kudanganya kwa sauti ya upole.

Unakumbuka alivyoomba funguo za nyumba ya wageni ya Bibi ili aikarabati. Tulifurahi. Bati lilikuwa limeoza, na tangu magari yahamie barabara ya lami hakuna aliyelala pale isipokuwa popo. Kuikarabati ameikarabati kweli. Kisha ameweka kibao getini kwamba nyumba ilijengwa na mwindaji kutoka Ulaya, ambaye eti alipumzika hapo akitoka kuwinda faru. Jina la huyo mwindaji alilitunga akiwa kwa kinyozi. Mkewe mwenyewe ndiye aliyeniambia.

Mzungu pekee aliyewahi kulala pale, kwa kumbukumbu za Baba, ni yule aliyeharibikiwa gari akalalamikia kunguni usiku kucha. Nyumba aliijenga Bibi Hanna, mjane, kwa mawe aliyoyabeba kichwani kutoka mtoni, nanyi wanawe mkimfuata nyuma. Wewe unayajua kuliko mimi. Wafanyabiashara wa ng'ombe walikula loshoro yake ya mahindi na maziwa ya mgando. Akina mama waliochelewa kutoka soko la Tengeru walilala jikoni kwake bila kuulizwa kitu. Na miaka ile petroli ilipoadimika, abiria wa basi zima walikaa kwake mpaka wakaanza kumwita Mama. Kwa Reginald, hayo si historia.

Siku ya ufunguzi kuta zilijaa pembe alizookota machinjioni. Alimletea Baba shuka jekundu na rungu, asimame mlangoni awe mlinzi wa mwindaji. Baba yangu, Mmeru, mzee wa kanisa, ambaye hata fimbo ya kutembelea anaionea haya. Alilipokea lile shuka, akalitazama, akauliza, "Reginald, mama yangu yuko wapi katika habari hii?"

"Baba mkubwa, wageni hawatoki mbali kote huko kuja kusikia habari za mama ntilie."

Alisema hivyo mbele ya watu, huku akitabasamu. Baba alilikunja shuka vizuri, akaliweka juu ya meza ya keki, akatoka. Ukoo mzima tukanyanyuka tukamfuata. Tulimwacha Reginald na kipaza sauti chake, watalii watatu na mbuzi mzima wa kuchoma. Niligeuka kumtazama mara moja tu, na sikumwonea huruma.

Ungedhani ameaibika. Kesho yake alikuja nyumbani, wala si kuomba radhi. Alisema ametafakari, na yuko tayari kumtaja Bibi kwenye kibao kama mpishi wa mwindaji. Baba alimmiminia chai, akamwambia, "Kunywa, kisha uende." Alikunywa, tena akaomba aongezewe sukari. Ndiye mtu tuliyempa funguo.

Sasa anatangaza kwamba wewe, mtoto wa kwanza wa Bibi, ulimpa baraka zako. Sikuulizi kama ni kweli, maana ninamjua yeye na ninakujua wewe. Ninachokuomba ni uje kwenye kikao cha ukoo mwezi ujao useme kwa kinywa chako, kwa sababu Baba hataki tena kulizungumzia jambo hili. Tangu siku ile, akienda kanisani hapiti mbele ya ile nyumba. Anazungukia mashambani, kwenye tope, viatu vyake vya Jumapili amevishika mkononi.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie Mzee Ezra, dada Theresia na watoto wake wote. Mungu awape usingizi mwema, na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi mwanao, nikupendaye daima,

Nancy