Kipulizio changu

Dada, nimetoka kujaribu tuba na yufoniamu, yale matarumbeta makubwa ya bendi, sasa hivi, na bado natema mate.

Unajua kila mpigaji huja na kipulizio chake, kile kipande cha kuchomeka cha kupulizia. Mwalimu wa bendi kasahau chake, akachomoa changu bila hata kuniuliza. Ana mafua, na ugoro umemjaa mdomoni. Akapuliza nacho tuba zote, akahamia yufoniamu.

Akanirudishia kinachuruzika. "Haya mwanangu, piga. Nikiipenda sauti, nafasi kwenye bendi ni yako."

Nikaomba nikakioshe kwanza. "Unanionea kinyaa mimi?"

Ugoro, dada. Kwenye kipulizio changu.

Nikapiga.

Nafasi nimeipata. Kasema nitakaa karibu naye, maana kipulizio changu kimemkaa vizuri mdomoni kuliko chake.