Ujumbe wa Msiba wa Mzee Wilbrodi

Mapinga,
16 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekwisha kunywa uji wako, na ule mguu unaokusumbua umepata nafuu. Mama naye nampa shikamoo yake. Dada Tina aliniambia kikohozi kimemwacha. Mimi mwili ni mzima, nakula na kazini naenda. Ila kuna jambo, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu badala ya kukupigia kama kila Jumapili. Kwenye simu ungeniuliza swali, nami ningepata mwanya wa kukudanganya tena.

Kazi si mbaya. Wewe huwaambia watu kwamba Medard anafanya kazi ya kuketi, na kweli naketi: ofisini Dar siku tatu, siku nyingine hapa hapa chumbani na kompyuta yangu. Januari walinituma Ubena kufunga mfumo wa mizani kwenye ghala la mahindi. Wapakiaji wa pale waliposikia natoka Kiwangwa wakanitania kwamba nimekuja na mananasi kwenye begi. Nikacheka nao. Kisha mmoja akaniuliza kama ndiko kule ambako mzee alitangaziwa msiba akiwa hai. Nikamjibu kwamba sijapata kusikia habari hiyo. Nilikaa Ubena siku nne, Baba, na siku zote nne nilikwepa kula na yule mtu.

Nitalieleza jambo hili tangu mwanzo, ingawa mengi unayajua, kwa sababu nataka ukimaliza umpe Mzee Bwanausi aisomee chama.

Unakumbuka chama chetu cha kuzikana kilivyomtegemea katibu wake, Mzee Anold. Mtu akifariki, katibu alipanda baiskeli akapita nyumba kwa nyumba, kwa Wakristo na kwa Waislamu, mvua au jua, mpaka kaya zote zijue. Magoti yalipoanza kumgomea, mimi nikajitolea. Nikatengeneza mfumo: katibu anaandika jina la marehemu, anabonyeza, na simu za wanachama wote zinapata ujumbe. Nilijisifu mno kwa hilo, hata wenzangu wa ofisini niliwaonyesha. Mzee Anold hakuupenda. Alisema habari ya kifo yafaa ifikishwe na mtu, ili aliyepigwa na habari awe na wa kumshika. Nikamwona amepitwa na wakati. Neno la siri nilimchagulia mimi, naye akaliandika nyuma ya daftari la chama kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi ile ya Novemba nilikuwa natembea. Ofisi ilipanga safari ya Saadani kuona wanyama, tukatoka mapema, na tulipoiacha Mkange simu zikakosa mtandao. Tuliona twiga wanne na tembo mmoja aliyetupa mgongo. Wakati tunampigia tembo picha, nyumbani simu zilikuwa zimelia kijiji kizima: Mzee Wilbrodi amefariki dunia, maziko kesho saa nane mchana. Watu wakaacha mananasi shambani. Wanawake wakaja na unga na kuni, vijana wakaja na sururu, Mzee Bwanausi kama mwenyekiti akaleta turubai. Shangazi Eufrazia akaanguka njiani, presha ikapanda, akalazwa siku mbili. Na wewe ukatokea shambani na tenga la machipukizi begani, ukaukuta ua umejaa watu wanakulilia. Tina anasema ulivua kofia, ukauliza kwa upole ni nani aliyetutoka.

Kijiji hakikucheka. Mtu hatanii kifo kwetu, tena kifo cha mwenzake wa chama. Wengi wakamtazama Mzee Anold, kwa kuwa wewe na yeye mlikuwa mnavutana juu ya mpaka wa mikorosho, na simu ya chama anakaa nayo yeye. Akaapa kwamba asubuhi ile alikuwa akimwogesha mama yake na simu hakuigusa. Mzee Bwanausi akasema watu wasihukumu kwa kukisia. Aliyetengeneza kitu hicho ni mtoto wetu, aitwe aje atazame ndani yake.

Nikaja. Mlijaa ofisi ya kijiji mpaka madirishani. Nikafungua kompyuta, nikajifanya natafuta, kisha nikasema kwamba ujumbe umetumwa kwa neno la siri la katibu. Mzee Anold aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikamjibu kwamba kompyuta haina chuki na mtu. Akafutwa ukatibu papo hapo, akatengwa; ikaamuliwa kwamba mwanachama asizikane naye wala na nyumba yake.

Februari mama yake, Bibi Asteria, akafariki. Yule bibi ndiye aliyempokea Tina kwa mikono yake Mama alipojifungulia njiani. Tina aliniambia walikuwa watu kumi na mmoja tu, pamoja na katekista. Mzee Anold alichimba kaburi yeye na wakwe zake wawili, na magoti yale. Hakuna aliyewapikia. Na wewe, Baba, ulikaa ndani, ukisikia wimbo wa mazishi ng'ambo ya mikorosho, ukawa unauitikia kwa sauti ndogo. Mama alipokuuliza kwa nini usiende, ulisema ungekwenda, lakini mtu huyu alikuzika ukiwa hai.

Si yeye. Ni mimi.

Ujumbe ule niliuandika kwa mkono wangu, hapa Mapinga, asubuhi ile kabla ya safari. Chama kilikuwa kimeomba siku na saa ya maziko iongezwe, nami nilikuwa nimeiongeza, nikataka kuijaribu kidogo. Gari lilikuwa nje, wenzangu wanapiga honi. Sisi wa kazi hii tunapojaribu kitu huandika jina lolote linalokuja. Mimi huandika lako, tangu chuoni. Vidole vinakwenda vyenyewe. Nimekwisha kukuandika mgonjwa, mteja, mwanafunzi, abiria. Asubuhi ile nikakuandika marehemu. Nikaingia kwa neno la siri la Mzee Anold kwa sababu nalijua. Ujumbe ulipaswa uje kwenye simu yangu peke yangu, lakini kwa haraka nikaacha alama kwenye wanachama wote. Nikabonyeza, nikafunga kompyuta, nikakimbilia gari.

Jioni tuliporudi Mkange na mtandao kushika, nikaona mlivyonipigia, wewe mwenyewe mara sita. Nikajua kabla sijampigia mtu. Mpaka hapo lilikuwa kosa tu. Ningelisema siku ile, mngenigombeza, ningetozwa mbuzi, vijana wangenicheka mpaka Krismasi, na yangekwisha. Ubaya niliufanya pale ofisi ya kijiji. Niliyoyasema yalikuwa kweli, neno la siri lilikuwa la katibu, na niliyatumia kumsingizia mtu asiye na hatia.

Nilikuwa nimekusudia kusema, naomba uniamini japo sistahili. Lakini niliingia nikakuona umekaa mbele, umevaa lile koti lako la Pasaka, siku ya kazi, umekuja kumsikiliza mwanao msomi. Nikashindwa. Nikamtoa Mzee Anold ili koti lako lisichafuke. Ninaona haya kuyaandika haya, na ninaona haya zaidi kwamba ilibidi Bibi Asteria afe ndipo niyaandike. Nisiseme ni Kwaresima iliyonisukuma. Kwaresima hii nimeungama mambo madogo madogo yote na hili nikaliruka.

Jina lake lirudishwe, na ukatibu wake kama bado anautaka. Chama kikiamua kunitenga mimi, usinitetee. Msamaha wako sijauomba humu, kwa sababu nilikunyima hata mchanga wa kumtupia Bibi Asteria kaburini, na sijui mtu huombaje msamaha wa namna hiyo.

Barua hii naituma kwa mkono wa Tina. Hajui kilichomo, usimkasirikie. Mpe Mama shikamoo zangu, na Shangazi Eufrazia mwambie nitampigia magoti mwenyewe, asikie kwangu. Mzee Bwanausi na nyumba yake nawasalimu kwa heshima. Mzee Anold usinisalimie. Huyo nakuja kwake Jumamosi kwa basi la kwanza, kabla sijakanyaga kwetu. Akinifungia mlango, nitakaa pale nje barazani, na kila mwanachama atakayepita akiniuliza nafanya nini, nitamwambia.

Ni mimi mwanao,
Medard