Filimbi ya Kabula

Alhamisi

Kumbe kosa lilikuwa la filimbi. Wiki mbili nimemfokea Kabula kwamba sauti yake iko juu kuliko ya wenzake, na jana nikamtoa kwenye kundi la mahafali. Leo nimeipuliza mimi mwenyewe: iko juu kweli. Kiwandani waliubandika mdomo wa plastiki kwa gundi, wakausukuma ndani ya bati kupita kiasi. Filimbi sita, rangi moja, bei moja, na hii moja ina msimamo wake.

Nimeuchovya mdomo kwenye maji ya moto hadi gundi ikalegea, nikauvuta nje kiasi cha punje ya mchele. Ikakubaliana na zingine.

Nikamwita Kabula. "Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mwalimu. Nikipuliza taratibu inashuka, inafanana na za wenzangu. Ila ulisema nipulize kwa nguvu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshakasirika."

Na mwenye cheti cha muziki ni mimi.

Kabula amerudi kundini. Amebaki mama yake, anayeuza dagaa sokoni Nyahanga. Nilimwambia palepale mezani kwake, mbele ya wauzaji wenzake, kwamba mtoto hana sikio la muziki. Kesho nikafute maneno yangu, na wenzake wawepo wote.