Delivery Mbili, Zote Salama

Jumanne.

Bado masikio yananiwaka. Patron, bosi wa depo ya bandari ya Kalundu, anayepokea mizigo ya meli kutoka Zambia, alinipa fomu ya kuomba kazi, yote Kiingereza. Palikuwa na swali: delivery ngapi umefanya? Neno hilo nalijua tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, liliandikwa kwenye mlango wa chumba nilimozalia. Nikajaza: "Mbili. Neema na Baraka, zote salama."

Alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. "Mama, hapa delivery ni kupelekea wateja mizigo! Weye umeniandikia watoto?"

Wapagazi mlangoni nao wakacheka. Nilitaka kukimbia, lakini nikakumbuka sufuria tupu nyumbani, nikabaki.

Nikamwambia: "Patron, mizigo yangu niliibeba miezi tisa tisa, na hakuna hata mmoja uliopotea njiani. Nipe ya kwako uone."

Akaokota kalamu yake. "Basi rudi kesho saa mbili, tukujaribu."

Baraka amenilalia mgongoni, kamusi iko magotini. Kumbe delivery ni pia namna mtu anavyotoa hotuba. Sawa. Kesho, kabla ya kujibu lolote, nitauliza kwanza: delivery ya nini?