Makir Wawili

Jumapili, 3 Novemba
Mvua ya kwanza Yerusalemu. Mimi maktabani kutwa na Rabi Makir bin Asher. Kafa miaka mia nane iliyopita, bado ananisumbua! Katika barua zake anajibu maswali ya watu wa Narbonne, Ufaransa: tini, mvinyo, mashemeji wagomvi. Anajibu pia ya watu wa Worms, Ujerumani: kisima kimeganda, pipa limepasuka kwa baridi. Baba mkwe, Profesa Elimelekh, anasema ni mtu mmoja aliyehama. Kitabu chake kizima kimesimama juu ya safari hiyo. Mimi nina wasiwasi. Wa Narbonne mcheshi. Wa Worms hata salamu hana.

Jumanne, 5 Novemba
Nimempata! Nimewapata!
Wa Narbonne: baba yake alimshika mkono mpaka sinagogi, akamlambisha asali juu ya herufi, siku yake ya kwanza ya masomo. Wa Worms: “Baba alikufa ningali tumboni.” Haya, baba gani huyo aliyefufuka na asali mkononi? Ni wawili! Nilicheka kwa sauti, mlinzi akanikodolea macho.
Halafu nikakumbuka. Kitabu cha mzee kinaingia mtamboni wiki ijayo.
Nilipomsimulia Nadav, mume wangu, aliacha kuosha vyombo, akasema: Baba ni mzee, Tirtsa, mwache. Kisha akafikiri. Kama ni lazima umwambie, basi angalau ashibe kwanza.

Jumatano, 6 Novemba
Nimemwambia mzee. Hakuwa ameshiba. Sikuweza kungoja!
Alisoma, akarudia. Labda mnakili alikosea. Labda ni baba wa kambo. Labda mimi nimechoka.
“Baba, si wewe uliyenifundisha kwamba labda tatu hazijengi nyumba?”
Akavua miwani.
“Miaka ishirini nimemvusha milima kwa miguu, mwanangu. Kumbe hakutoka hata uani kwake.”
Akachukua kofia. Hata kwaheri hakuna.

Alhamisi, 7 Novemba
Nampigia mzee. Simu hapokei. Nimeunguza vitunguu mara mbili.

Ijumaa, 8 Novemba
Kuku yumo ndani ya oveni, mikate imeumuka, mishumaa bado. Naandika mbiombio kabla Sabato haijaingia jua likizama, maana ndani yake hatuandiki. Nadav anaapa baba yake, mgeni wetu wa kila Ijumaa, haji leo.
Mchana wachapaji walinipigia. Mzee kazuia kitabu! Eti kuna sura ya kuandika upya. Sababu hakuwaeleza. Nikakaa chini na unga mikononi, sijui nilie au nicheke.
Ngoja — ngazini — sauti ya mzee!
Anamsimulia Bi Zehava wa ghorofa ya chini, ambaye wala hakuuliza. Rabi Makir ni wawili, Bibi, wawili! Wataalamu wote walikuwa wamelala usingizi wa pono! Bi Zehava anauliza, kwani nani kagundua?
“Tumegundua,” anasema.
Tu? TU?! Wiki hii yote, mimi na nani?
Nadav anacheka mpaka kaushika ukuta. Ananinyang'anya mwiko, ananiambia, tafadhali, ale kwanza. Hodi mlangoni. Nafungua mimi —