Zuhura Amepiga Magoti Mkuyuni

Jumamosi. Ukungu umekaa juu ya Uluguru tangu asubuhi na hauna dalili ya kuondoka.

Masanja, mume wangu, amepata kazi kwao Mwanza. Ameshaanza, anatusubiri mimi na Zuhura, binti yetu wa miaka saba. Anataka jibu kesho.

Mwezi uliopita tulikwenda kumtembelea. Nilikwenda nimejiandaa kuuchukia ule mji, sitaki kusema uongo. Nikakuta nyumba zimepandana juu ya mawe, nyingine jiwe lenyewe ndilo ukuta wa jiko. Mama mkwe anakaa huko juu. Ziwa lote liko chini ya miguu yake, na maji ya kupikia ananunua kwa dumu. Analicheka jambo hilo kila siku kama limeanza leo. Watu wa Mwanza wanaongea kwa sauti na wanauza kila kitu. Lakini katikati ya makelele ya soko la samaki, mzee wa rika la baba yangu aliniita "mayo", mama, akanipisha njia. Bodaboda zinapanda vilima ambavyo mimi, mtoto wa milimani, niliviogopa. Na jua likichomoza, ziwa linang'aa hadi mabati yenye kutu yanapendeza.

Niliupenda. Sijamwambia mtu.

Leo nimempeleka Zuhura Mkuyuni, huku huku Uluguru, kwa mjomba, kaka yake mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kuhama naye bila kauli ya mjomba ni kujitafutia balaa. Kwao Masanja, mahari ikishatolewa, mtoto ni wa baba. Mimi niko hapo katikati.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Sikuyatumia. Tulipofika tu, Zuhura alipiga magoti mbele ya mjomba, macho chini, akasema, "Shikamoo babu." Ndivyo wasichana wanavyoamkia kwa kina Masanja. Bibi yake alimfundisha kule, nami sikukumbuka kumwonya.

Mjomba alichelewa kuitikia marahaba.

"Wewe mfuate mumeo, hilo sikatai," aliniambia mtoto alipotoka nje. "Huyu abaki na mama yako. Akikulia huko kwenye mawe, nani atamwonyesha mpaka wa shamba lake?"

Shamba ni lile la migomba na mikarafuu, mama alilirithi kwa mama yake. Likikosa binti wa kulishika, litakwenda kwa wengine. Mjomba hanitishi, anasema kweli, na ndiyo maana nina hasira.

Nilikunywa chai ya moto, ikaniunguza ulimi.

Jioni Masanja kapiga simu. "Mama Zuhura, mjomba kasemaje?" Nikasingizia mtandao, nikakata. Muoga mimi.

Ila mtoto simwachi. Shamba likienda nitalia, nitanyamaza. Zuhura nikimwacha sitanyamaza.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kumpigia Masanja, narudi Mkuyuni peke yangu. Maneno yatanipotea tena, najijua. Nitapiga magoti mbele ya mjomba, kama nilivyompigia mama mkwe kule juu ya mawe. Ataelewa kabla sijafungua mdomo kwamba Zuhura naondoka naye.