Mtangazaji wa stesheni na kalenda yake

Shoga, ule uvumi ulioninyima raha wiki nzima, kwamba mtangazaji wa stesheni yetu hatazami treni, ni kweli tupu!

Asubuhi hii nimemsindikiza binti yangu shule. Spika ikasema treni inaingia upande wa pili. Tukavuka daraja wote kama kondoo.

Treni ikatokea upande wa kwanza! Watu wakarukia relini kuiwahi, na mwanangu naye. Treni inakuja, shoga! Nimemvuta kwa mkoba wa shule.

Nikamfuata yule bwana ofisini. Dirisha la kutazamia reli kalitundikia kalenda. Kalenda!

"Baba, treni unaionaje?"

"Mama, mimi nina uzoefu wa miaka ishirini."

Uzoefu! Hata jogoo wangu huchungulia nje kabla ya kuwika.

Kalenda nimeing'oa mbele ya watu. Na yenyewe ya mwaka juzi!

Najua kesho atatundika nyingine. Mwanao naye anapanda hapo, kwa hiyo mwambie:

Asiisikilize spika.
Asivuke daraja kabla hajaiona treni kwa macho yake.
Asishuke relini, hata treni ikimwacha. Akichelewa, mwalimu atamchapa maneno tu.